Leseni ya kuchajia bodaboda kwa sola

Kaka, umeuliza kama kibanda cha sola cha kuchajia bodaboda za umeme huko Pangani kinahitaji leseni ya kuzalisha umeme. Hapana, huhitaji. Sheria ya Umeme ya Tanzania ya 2008 imeisamehe leseni mitambo iliyo chini ya megawati 1, yaani kilowati 1,000, na wewe hapo hufiki hata kwa ndoto. Piga hesabu: betri ya volti 72 yenye ampea-saa 40 inabeba kama uniti 2.9. Ukichaji ishirini kwa siku ni uniti 58, na kwa jua letu la pwani paneli za kilowati 15 hivi zinakutosha. Masika ongeza paneli, au zoea foleni.

Aliyekwambia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haikuhusu kabisa ndiye aliyekudanganya. Kusamehewa leseni ni jambo moja, usajili ni jambo jingine, na ukishaanza kuwauzia watu chaji nenda ofisini kwao ukaulizie usajili wa miradi midogo kabla hujamwaga zege. Halafu atakayekufungia nyaya lazima awe na leseni ya EWURA ya ufungaji umeme. Yule kijana wa mtaani anayeunga redio, hapana. Mimi ni fundi hapa Ngamiani, Tanga, kazi za namna hiyo tunaitwa kuzirekebisha kila siku.

Na nati za kufungia paneli chukua za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya Pangani haina huruma.