Mifuko Kumi na Miwili ya Saruji

Nilipochaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya mtaani kwetu, nilidhani wajibu wangu kama Mkristo ulikuwa kufungua vikao kwa sala na kukemea maovu kwa mistari ya Biblia. Katika kikao cha pili nilifanya yote mawili. Hati ya mapokezi ilionyesha mifuko 60 ya saruji, stoo ikasemekana ina 48, nami nikahubiri juu ya wizi karibu robo saa, hadi mzee mmoja Mwislamu aliyeketi karibu na mlango aliponiambia kwa upole: “Mwanangu, ya Mungu tumeyasikia. Hiyo mifuko uliihesabu mwenyewe?”

Sikuwa nimeihesabu.

Kwa hiyo mimi humshauri Mkristo mwenzangu anayeingia kwenye kamati, halmashauri au siasa aanzie stoo. Maandiko yamwongoze katika kuamua, lakini mbele ya watu wa dini zote atoe hoja ambayo hata asiyeisoma Biblia anaweza kuipima. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 20, inakataza kusajili chama cha siasa chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani, nami sioni kwamba katazo hilo linaiziba imani mdomo.

Mtihani mgumu ulitoka kanisani. Fundi aliyepokea saruji alikuwa mwimbaji mwenzangu wa kwaya, naye alinifuata baada ya ibada, akanishika mkono, akaniita “mpendwa”, akaniomba nisaini tu kwani mifuko ingerudi. (Neno hilo lina namna yake ya kulegeza kalamu.) Nilikataa, na kwa miezi kadhaa sauti ya besi haikunisalimia. Siku zile nilimfikiria sana Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa asubuhi, ambaye serikali yake ilizitaifisha shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, zikiwemo za kanisa lake mwenyewe, ili watoto wa dini zote wapate nafasi. Uamuzi ule unabishaniwa hata leo. Mimi hujiuliza zaidi jinsi alivyosalimiana na maaskofu wake baada ya pale.

Mifuko tisa ilirudi. Mitatu tuliiandika kwenye muhtasari kuwa deni, pamoja na jina la aliyeipokea.