Vidonge vya rafiki yako usiviguse

Usimwambie aache dawa! Umeandika kwamba tangu mama yako afariki hakuna anayekusikiliza hapo Malindi isipokuwa yule jirani mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwamba sasa ametulia, na kwamba unataka kumshawishi aache vidonge kwa sababu vinamtetemesha mikono.

Mimi nilikuwa na miaka 16, hapa Lamu, baba alipozama wakati wa kusi. Mama alikuwa amekaa eda, miezi 4 na siku 10, na kila mwanamume aliyenipa mkono aliniambia nisilie, kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Aliyeniacha nilie ni mtu mmoja aliyeshinda gatini, ambaye mji mzima ulimwita mwendawazimu. Alinimegea mkate wa mofa bila kunihutubia kuhusu subira, na mkono wake ulitetemeka hata nusu ya mkate ikawa riziki ya paka.

Bwana mmoja aliyejiita tabibu wa majini akaniambia kwamba dawa za hospitali ndizo zinazomfunga jini asitoke. Nikampelekea rafiki yangu maneno hayo mbio mbio. Alikuwa akimeza haloperidol, dawa ya ugonjwa kama wa jirani yako, pamoja na benzhexol ya kupunguza kukakamaa na kutetemeka kunakoletwa na haloperidol, akaziacha zote mbili kwa mpigo. Baada ya muda mikono ikatulia, akawa anacheka, nami nikajiona daktari bingwa, ingawa shuleni hesabu zilikuwa zikinishinda. Hapo ndipo penye mtego, mdogo wangu: ugonjwa huu si lazima urudi siku dawa inapoachwa, bali huweza kungoja wiki au miezi, na wewe wakati huo unajisifu. Wiki ya sita hakulala siku tatu mfululizo, kisha akaniuliza ni nani aliyenituma nimtilie sumu katika kahawa. Mimi! Usiku huo aliingia baharini maji yakijaa. Wavuvi walimtoa, wakamfunga kwa kamba ya mashua kama mwizi, nami nikasimama pale nikiona fundo likiuma mkono ule ule ulionimegea mkate. Alilazwa miezi mitatu, na aliporudi hakukaa nami tena gatini.

Yule bwana alisema jini ni mkaidi, akadai kuku wa pili. Natumaini mfupa ulimkwama kooni.

Kumbe mtetemeko ule madaktari wanaujua, na mara nyingi hupunguza dozi au kubadilisha dawa, mradi waambiwe. Fuatana naye kliniki, mkiwa na pakiti za vidonge, umwache aseme mwenyewe jinsi mikono inavyomsumbua. Akikuambia amechoka na dawa, msikilize kama anavyokusikiliza wewe, lakini neno la kuacha lisitoke kinywani mwako. Muulize leo tarehe yake ya kliniki.