Dawa inayolegeza kifuko chake

Liposomu ni kitu gani hasa? (Mwalimu wa kemia, Moshi)

Ni kifuko kidogo mno cha mafuta chenye maji ndani, ambacho watafiti hukitumia kubebea dawa mwilini. Chukua fosfolipidi, mafuta ya aina iliyomo kwenye kiini cha yai, uyatie majini: vichwa vyake vinavyopenda maji huyaelekea, mikia inayoyakimbia hujificha katikati. Alec Bangham na wenzake wa Babraham, Uingereza, waliyaeleza haya mwaka 1965. Ukuta wenyewe una unene wa nanomita 4 au 5 tu.

Kwa nini ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, isikae humo kimya mpaka ifikishwe inakokwenda? (Mwanafunzi wa famasia, Dar es Salaam)

Mgeni huyu haketi sebuleni, anajipenyeza ukutani. Ibuprofeni haipatani na maji, basi hujichomeka kati ya lipidi (mafuta hayo ya ukutani) na kuzisukuma zilegeane. Kipimo chake ni joto. Ukuta wa lipidi iitwayo DPPC hulainika kwenye nyuzijoto 41. Ukiutia ibuprofeni, hulainika mapema zaidi. Mwili una nyuzijoto 37, kwa hiyo kifuko ulichodhani kigumu kinaweza kuanza kuvuja njiani.

Asidi nayo ina neno. Kwenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya damu, 7.4, karibu ibuprofeni yote ina chaji hasi na hupendelea kubaki jirani na vichwa. Pakiwa na ukali kama wa tumboni, chaji hupotea na dawa huzama hadi kwenye mikia. Diklofenaki na indomethasini, dawa nyingine za maumivu, zina tabia hiyo hiyo.

Basi tujaze dawa nyingi, tuongeze na kolesteroli ya kukaza ukuta?

Kolesteroli hukaza, kweli, lakini mara nyingi hugombania nafasi ile ile na dawa. Binafsi naona hapa ndipo wengi wanapojidanganya: wanahesabu dawa iliyoingia, hawahesabu iliyovuja.

Ndiyo maana dawa hizi huleta vidonda vya tumbo?

Sababu kuu ni kuzuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, kinga ya tumbo. Ila utando wa tumbo nao una fosfolipidi, na wapo watafiti wanaosema dawa huzivuruga moja kwa moja.

Nikichanganya jeli ya diklofenaki na mafuta ya nazi, nitapata liposomu? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Mafuta ya nazi hayana kile kichwa kinachopenda maji; ukiyakoroga na maji utapata matone, si vifuko. Paka jeli kama ilivyoelekezwa kwenye karatasi yake, mafuta ya nazi yabaki ya nywele.