Helikopta ya polisi ya mtumba: ile bei mliyoonyeshwa siyo bei

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Carmarthen huku Wales mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi nyumba ya wazee. Mwaka jana mzee wetu mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau alitoka usiku tukapiga simu polisi, helikopta ikaja kutoka kituo cha St Athan, kusini mwa Wales, baada ya saa moja na nusu, sisi tulishampata wenyewe kwenye mtaro, mzima lakini kaganda kwa baridi. Wenyeji wanasema zamani helikopta ilikuwa inakaa hapa jirani Pembrey ikaondolewa. Sasa kwenye kikao cha mtaa kuna bwana kaleta tangazo la helikopta aina ya EC135 iliyotumika, anasema bei ni poa sana, jeshi letu la polisi la Dyfed-Powys lichange na majirani wawili wainunue, kila mmoja akae nayo wiki moja, na sisi tuanze kukusanya sahihi. Wewe hizi mashine ndo kazi yako, nisaini au nisisaini?

JIBU: Marahaba dada. Pole kwa mzee wenu. Hili swali naletewa kila mara, linabadilika jina la mji tu, na tangazo ni lile lile, mashine imeoshwa inang'aa imepigwa picha jua linazama, chini yake bei, na bei yenyewe ndo inawatoa watu akili.

Kwanza niseme malalamiko yenu siyo ya uongo. Kituo cha Pembrey kilifungwa mwanzoni mwa 2016 na eneo la Dyfed-Powys ni kubwa, zaidi ya nusu ya ardhi yote ya Wales, milima na mashamba matupu. Lakini hebu tupige hesabu ya usiku wenu. St Athan mpaka Carmarthen kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 80, EC135 ikienda taratibu tu 220 kwa saa inafika dakika 22. Kutoka Pembrey ingekuwa dakika tano. Kwa hiyo umbali umewala dakika 17. Nyie mlisubiri 90. Hizo zingine zaidi ya saa nzima zilikwenda wapi? Labda ilikuwa juu ya kazi nyingine, labda mawingu yalikuwa chini, labda mtu kwenye simu alichelewa kuiomba, labda ilikuwa inajaza mafuta. Hayo yote mashine ya Pembrey ingeyapata vilevile. Huyo bwana wenu wa tangazo anawauzia dawa ya zile dakika 17.

Sasa nije kwenye kinachonikera, na nimekaa kwenye hii kazi miaka mingi bado kinanikera. Watu wanadhani helikopta inanunuliwa kama Noah, unatoa hela unapewa ufunguo, baadae ni mafuta na sevisi. Hapana jamani. Mashine ndo sehemu rahisi. Kitu ambacho polisi wananunua ni ule utayari, yaani saa tisa usiku mtu akipiga simu kuna rubani yuko macho ambaye sheria inamruhusu kuruka, nyuma yake askari wawili wanaojua kutumia kamera ya joto na ramani na redio, na mashine ambayo fundi ameisaini jioni ile. Wiki ina masaa 168. Rubani mmoja mpe masaa 40, unahitaji wanne na kidogo, weka likizo, mafua, mafunzo, vipimo vya afya, wanakuwa watano au sita. Askari wa nyuma ni wawili kila safari kwa hiyo zidisha mara mbili, kumi mpaka kumi na wawili. Unaongelea watu kumi na tano mpaka kumi na nane kwa mashine MOJA, na fundi bado sijamhesabu wala banda wala bima. Na hawa wanalipwa hata mwezi ambao helikopta haijaruka.

Halafu hiyo ya kila mmoja wiki moja, nani kawaambia wahalifu na wazee wanaopotea wanafuata ratiba ya wiki? Tuseme wiki hii iko kwa jirani na mzee wenu katoka usiku, mtafanyaje, msubiri Jumatatu? Watu wanaichukulia kama trekta la kijiji, leo kwako kesho kwangu, mahindi yatasubiri. Ukishare helikopta ya polisi unachoshare ni maamuzi, zikija simu mbili kwa wakati mmoja, huku mtoto kapotea kule gari la wizi linakimbizwa, nani anaamua iende wapi, na yule aliyenyimwa bado analipa au halipi. Nimekaa vikao ambavyo mambo ya injini yaliisha kwa robo saa na hilo swali moja likatutoa saa sita mchana mpaka giza, watu wazima wana vyeo mabegani wanagombana kama wamegawana nyama.

Na helikopta moja siyo huduma dada. Kila kifaa cha maana mle ndani kina umri wake, vingine kwa masaa ya kuruka, vingine kwa idadi ya kuwasha na kuzima, vingine kwa kalenda tu hata kama imekaa bandani imefunikwa. Ikifika zamu ya ukaguzi mkubwa inafunguliwa mpaka unaona mifupa, inakaa wiki kadhaa, na fundi akikuta kutu mahali ambapo hakutegemea inaongezeka. Majeshi matatu yakishare helikopta moja, hizo wiki wote watatu wanashare sifuri.

Mtauliza kwa nini polisi hawakufikiria kushare helikopta, sasa hilo wamelifikiria na wamelifanya, na ndo linalowauma. Kabla ya 2012 majeshi ya England na Wales yalikuwa yanajitegemea, huyu ana yake, wale wawili wana ya pamoja, yule hana kabisa, na Dyfed-Powys wenyewe walikuwa na helikopta yao aina ya Agusta. Oktoba 2012 ikaanzishwa NPAS, huduma moja ya anga ya polisi kwa wote, ikawekwa chini ya jeshi la West Yorkshire. Wazo lilikuwa zuri, helikopta iliyo karibu iende bila kujali mpaka, na ya kwako ikiwa kwa fundi kuna ya akiba. Halafu bajeti ikaanza kubanwa, mwaka 2015 wakatangaza vituo vitoke 23 vibaki 15, na Pembrey ikaenda na huo upepo. Wakaguzi wa polisi wakatoa ripoti Novemba 2017 wakasema mpangilio ule kifedha haudumu.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye kugawana bili, na utawapata hata nyie watatu na EC135 yenu. Tuseme kwa mfano tu, namba za kubuni, kuendesha kituo ni pauni milioni mbili kwa mwaka iwe imeruka isiruke. Mkiruka masaa 1,000 kila saa imewagharimu 2,000. Mhasibu wa jeshi moja anaona bili ni kubwa anasema tupunguze kuiita, tuite kwa mambo mazito tu. Mwaka unaofuata imeruka masaa 500, hela za marubani na bima ziko palepale, sasa kila saa ni 4,000. Jirani anashtuka na yeye anapunguza. Hamjaokoa hata senti ila kila mmoja anaonyesha kwenye ripoti yake kwamba kabana matumizi. Mwisho mtu anakaa na simu mkononi anajiuliza mzee aliyepotea ni jambo zito au la. Hapo ndo zile dakika zenu zingine, 70 na zaidi, zinaweza kuwa zimekwenda.

Mtaambiwa pia mkodi, kila kitu kwenye mkataba. Inawezekana, Scotland wanakodi. Ila msije mkadhani mkataba unaondoa hatari. Novemba 29, 2013 EC135 ya polisi Scotland iliangukia baa ya Clutha pale Glasgow, watu 10 wakafa, watatu wa kwenye helikopta na saba waliokuwa wamekaa wanasikiliza muziki. Ilikuwa na rubani, ina mafundi, ina karatasi zake. Wachunguzi walikuta kama kilo 70 na kitu za mafuta kwenye tenki kubwa, lakini pampu za kuyapeleka kwenye matenki madogo yanayolisha injini zilikuwa zimezimwa, injini zikazima moja baada ya nyingine na mafuta yapo. Na haikuwa na kifaa cha kurekodi safari kwa sababu sheria haikuilazimisha, ikabidi wapendekeze viwekwe. Sasa kama hiyo ni huduma yenye watu kamili, mtu akiniambia watachukua rubani wa wikiendi, moyo unanienda mbio.

Hapo hapo jueni kwamba Uingereza huwezi kuandika tu POLISI ubavuni ukaruka, lazima CAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, wakupe cheti cha kuendesha ndege za polisi, na cheti hicho kinataka menejimenti nzima, mafunzo, usalama, mtu anayewajibika kwa jina. Tangazo halikusema hilo sivyo?

Wale wa droni nao wasiwadanganye. Droni nzuri, naipenda, kwa kuzunguka jengo au shamba moja sawa, lakini kwa kanuni za kawaida haipandi zaidi ya mita 120 na anayeirusha lazima aione kwa macho, sasa muulizeni muuzaji kuhusu bonde zima na mvua ya Wales usiku uone atakavyobadilisha mada.

Tukirudi kwa hawa madalali. Niliwahi kuitwa kuangalia helikopta ya mtumba ambayo watu walishakubaliana bei, wameshapeana mikono na chai imenyweka. Nje rangi mpya. Nikaomba vitabu vyake, nikaletewa boksi, nikakuta karatasi inasema giaboksi kuu ina namba fulani, nikapanda ngazi na tochi nikasoma kile kibati cha chuma kwenye giaboksi yenyewe, namba nyingine. Siyo lazima uwe wizi, inawezekana ilibadilishwa na karatasi ikapotea, lakini giaboksi isiyo na historia kwa macho ya sheria haina masaa, haina umri, ni chuma chakavu, na kuweka nyingine ni hela ya kukufanya ukae chini. Dalali akaniambia "fundi wewe unakwamisha biashara." Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo mimi nisingesaini hiyo. Andikeni barua nyingine kwa kamishna wa polisi wa Dyfed-Powys, muulize usiku ule simu yenu iliingia saa ngapi, helikopta iliombwa saa ngapi, iliwashwa saa ngapi, na ilikuwa wapi wakati huo. Majibu manne tofauti, msikubali kupewa wastani wa mwaka. Wakiwajibu niletee tuzisome pamoja. Na huyo bwana mwambie akutumie picha ya kibati cha giaboksi, namba isomeke.