Jicho jekundu la paka: maneno kwa mnaoanza zamu

Nimepitia majalada mliyojaza hivi karibuni, na kwa paka watatu kati ya kila wanne nimekuta maandishi yale yale: "Jicho jekundu, matone ya antibiotiki na steroidi, arudi baada ya wiki." Nawapenda, na najua foleni ya asubuhi inavyomchanganya mtu, lakini "jicho jekundu" ni malalamiko ya mwenye paka yaliyonakiliwa na daktari. Ugonjwa wenyewe bado hamjautaja.

1. Semeni kwanza wekundu uko wapi. Konjaktiva (utando wa ndani ya kope) ikiwa imevimba na kutoa matongo, huku konea (kioo cha mbele ya jicho) ni angavu na mboni inajibu mwanga, hiyo ni konjaktiviti, na kwa paka fikirieni virusi vya hepesi na bakteria wa klamidia kabla ya kuutaja mzio. Klamidia mara nyingi huanzia jicho moja na kuhamia la pili baada ya siku chache, konjaktiva ikifura kupita kiasi; hepesi hupenda kuja na chafya, na ndiyo inayoila konea. Mboni ikiwa imesinyaa, irisi (duara la rangi linaloizunguka) imebadilika rangi na chemba ya mbele, yaani nafasi kati ya konea na irisi, ina ukungu, hiyo ni uveiti, uvimbe wa ndani ya jicho, na hapo ugonjwa utafutwe mwilini: toksoplasma, virusi vya leukemia, upungufu wa kinga wa paka, peritoniti ya kuambukiza. Zimeni taa ya chumba mnapoutafuta ukungu huo. Tonometa, kipimo cha presha ya jicho, nayo haikununuliwa ipambe kabati: uveiti huishusha presha ya jicho, glaukoma huipandisha.

2. Fluoresini, rangi inayoshika palipochubuka kwenye konea, itiwe kila mara paka anapoletwa na jicho linalouma, na jibu lake lisomwe pamoja na historia. Niliwahi kupokea paka jike wa makamo aliyekuwa akifinya jicho la kushoto. Nilitia rangi, haikushika, nikaandika matone ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi, mara nne kwa siku kwa furaha ya mtu aliyefuata utaratibu wote. Mwenye paka alikuwa ameniambia, huku akimtuliza mezani, kwamba huyo hupiga chafya kila anapohamishwa au anapoletewa paka mgeni, na kwamba macho yake yalikuwa yakitoa machozi tangu utotoni. Niliyaandika hayo yote kwa mwandiko mzuri katika safu ya historia, kisha sikuyatumia. Mama yule alikuwa amenieleza hepesi bila kuitaja jina: virusi hujificha katika fundo la neva ya trijemina, ile inayoleta hisia za uso, huamka paka anapopata msukosuko, na steroidi huviamsha vilevile huku ikiudhoofisha ulinzi wa jicho. Rangi haikushika kwa sababu siku ile epitheli, ngozi ya juu ya konea, ilikuwa bado nzima, nami nikaichukulia kuwa ruhusa.

Aliporudi alisema kwamba mwanzoni wekundu ulipungua, ndiyo maana hakufanya haraka. Chini ya mwanga wa buluu niliona mistari ya kijani iliyogawanyika matawi matawi, ambayo kwa paka haitaji ugonjwa mwingine, na kando yake kidonda kilichozama, kingo zake zikiwa kijani na sakafu yake nyeusi isiyoshika rangi. Mnajua maana ya sakafu isiyoshika rangi: kilichobaki kulizuia jicho lisipasuke ni utando wa Descemet, tabaka jembamba la ndani ya konea, peke yake. Paka alipasuliwa na bingwa siku hiyo hiyo, akashonewa kipande cha konjaktiva juu ya konea. Jicho likaokoka, lakini likabaki na kovu zito mbele ya mboni. Mwenye paka alinishukuru sana kwa kumhangaikia, na jalada lilikuwa wazi mbele yangu kwenye mstari ule wa chafya. Steroidi ya matone ina kazi yake katika uveiti iliyothibitishwa, kwenye konea isiyo na kidonda, kwa paka ambaye historia yake mmeisoma.

3. Doksisaiklini, antibiotiki ya vidonge, kwa klamidia ni miligramu 10 kwa kilo kwa siku, kwa wiki nne, kwa paka wote wa nyumba hiyo, na kila kidonge kisindikizwe kwa maji au chakula kwa sababu kikikwama huchoma umio.

4. Kidonda kisichopona kwa paka kisikwaruzwe kwa sindano kama mnavyofanya kwa mbwa. Mtakiletea lile gamba jeusi la konea iliyokufa.

5. Matone ya ganzi hayaendi nyumbani. Ya atropini, yanayopanua mboni, yakienda, mwonyeni mwenye paka mapema kuhusu povu, kwa sababu dawa hiyo chungu hushuka kupitia mfereji wa machozi hadi kooni. Mmoja wenu, simtaji, alipigiwa simu usiku akaambiwa paka anatoa mate kama maji ya bomba, akaagiza aletwe upesi kwa sumu. Walipofika paka alikuwa amekwisha kutulia na anadai chakula, na daktari ndiye aliyekuwa akitetemeka. Pale inapowezekana andikeni malhamu, ambayo huteremka kidogo kuliko matone.

6. Kope za mtoto wa paka ambazo hazijafunguka lakini zimetuna zina usaha ndani. Msisubiri zifunguke zenyewe: lainisheni kwa salaini vuguvugu, zifungueni taratibu kuanzia kona ya ndani, osheni, tieni fluoresini, kisha wekeni malhamu ya antibiotiki isiyo na steroidi, na mwenyewe aonyeshwe namna ya kuzisafisha zisigande tena.