Dadu mara 4: kwa nini 2/3 si jibu

Ndugu, umeuliza kwa nini 4 × 1/6 haikupi uwezekano wa kupata 6 angalau mara moja ukirusha dadu mara 4. Kujumlisha kunafaa tu pale matukio hayawezi kutokea pamoja, na hapa 6 inaweza kuja hata mara mbili. Ungerusha mara 7 ungepata 7/6, jambo lisilowezekana kabisa! Anza na kinyume chake: kukosa 6 mara zote, yaani 5/6 ikizidishwa yenyewe mara 4, kisha toa hiyo kwenye 1. Kwenye Maxima, programu ya hesabu, andika `1-(5/6)^4;` upate 671/1296, kisha `float(%);` upate 0.5177 hivi. Kwenye SymPy, maktaba ya hesabu ya Python, ni `1-Rational(5,6)**4`. Ukiandika `5/6` tupu, Python huigeuza desimali kabla SymPy haijaiona, na sehemu kamili inapotea. Kwenye Python alama ya `^` usiitumie kwa kipeo.