Leseni ya Mchina kwa Kiingereza: maswali yenu wiki hii

Barua nyingi safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinazunguka karatasi moja: leseni ya kampuni ya China, ile yenye nembo nyekundu juu na muhuri mwekundu chini, ambayo benki au ofisi imesema iletwe kwa Kiingereza. Nilikaa Guangzhou miaka sita nikiwanunulia watu mizigo, na karatasi hii nimeishika mara nyingi kuliko kitambulisho changu.

Assalaam aleikum. Sisi ni kikundi cha wavuvi Kizingitini, tunaagiza mashine ya barafu. Muuzaji ametutumia leseni yake pamoja na tafsiri ya Kiingereza yenye muhuri. Benki imeikataa. Muhuri si upo?

Waaleikum salaam, ndugu zangu. Muhuri upo, ila ni wa nani? Utazameni vizuri, nadhani mtakuta ni wa muuzaji mwenyewe. Hapo amejitafsiria na kujishuhudia.

Benki inataka mtu wa kando: mfasiri asiye na lake kwenye biashara hiyo, anayeandika kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, kisha anatia jina, sahihi, tarehe na anwani. Nakala ya Kichina inabanwa pamoja na tafsiri ili zisiachane. Huku kwetu mara nyingi ofisi humtaka pia ale kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili. Na wakili huyo hashuhudii Kichina, maana hakijui. Anashuhudia tu kwamba fulani alikuja mbele yake, akaapa, akatia sahihi.

Hapa ndipo watu wengi huumia. Mfasiri anathibitisha maneno, hathibitishi kampuni. Mtu akighushi leseni, mfasiri mwaminifu atautafsiri uongo huo neno kwa neno, na mtabaki na uongo uliofasiriwa vizuri. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mfasiri, soma namba.

Tangu Oktoba 2015 leseni za China zina namba moja ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18, iliyochukua nafasi ya namba tatu za zamani za usajili, taasisi na kodi. Hata usipojua neno la Kichina utaisoma. Ikianza na 91 ni kampuni, ikianza na 92 ni mfanyabiashara mmoja aliyejisajili kwa jina lake, tuseme mwenye duka. Mbili zinazofuata ni jimbo: 44 ni Guangdong, 33 ni Zhejiang, 31 ni Shanghai. Akikwambia ana kiwanda kikubwa Guangdong na namba yake inaanza 9233, mwulize maswali. Tena herufi I, O, S, V na Z hazitumiki kabisa kwenye namba hizo. Ukiiona O kwenye tafsiri, mchapaji ameandika O badala ya sifuri, na kosa hilo moja linatosha karani kuirudisha karatasi yote.

Kisha iingizeni namba kwenye mtandao wa serikali ya China wa taarifa za kampuni, au mumwombe mtu aliye kule awaangalilie, maana ukiwa huku mtandao ule mara nyingine haufunguki. Zile alama za mraba za kuskani zilizo juu ya leseni zinaelekeza hukohuko.

Mpwa wangu amesoma Kichina Nairobi. Anaweza kututafsiria bure?

Uwezo huenda anao. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005 na vijana wa Kenya wanaojua lugha hii sasa wapo. Tatizo ni huo upwa wenyewe. Kama pesa ni zako, tafsiri ikatoka kwa mpwa wako, benki itaiona kama ile ya muuzaji. Mwache akusomee nyumbani, akuonye palipo na walakini, halafu ya kupeleka ofisini ifanywe na mwingine. Tafsiri ya simu nayo ni hivyohivyo: inasaidia kusoma, lakini haili kiapo.

Bi wa Malindi, mwenye duka la sola: Profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, ina jina zuri la Kiingereza. Tafsiri imeleta jina jingine refu lisilotamkika. Nani mwongo?

Huenda hakuna mwongo, dada yangu. Kwa China bara jina la kampuni lenye nguvu ya sheria ni la Kichina tu. La Kiingereza amejichagulia mwenyewe, na kesho anaweza kulibadilisha kama mtu anavyobadilisha jina la boti. Jina la Kichina kwa kawaida lina mpango wake: mji kwanza, kisha jina lenyewe, kisha aina ya kazi, mwisho aina ya kampuni. Ndiyo maana linarefuka.

Mwambie mfasiri aandike matamshi ya jina kwa herufi zetu na aache maandishi ya Kichina pembeni yake. La kwenye profoma alitaje kama lilivyo, asiliweke badala ya lile la leseni. Linganisha pia na jina la akaunti unakotuma pesa. Ikiwa akaunti ni ya mtu binafsi, simama kwanza, hata akikupa sababu tamu. Mimi niliwahi kutuma, na mzigo nausubiri hadi leo.

Tafsiri ya kwanza inasema mtaji wa kampuni ni yuan 500,000, ya pili inasema milioni 5. Karatasi ni hiyohiyo moja.

Ya pili ndiyo sahihi, kama leseni imeandika 500 wan. Wachina huhesabu kwa wan, yaani elfu kumi, na wafasiri wachanga hujikwaa hapo kila siku. Lakini usiufurahie sana mtaji huo. Tangu 2014 kampuni nyingi huandikisha kiasi wanachoahidi kutoa, si lazima kiwe kimeshalipwa. Sheria mpya iliyoanza Julai 2024 inawataka wenye kampuni za dhima yenye kikomo (limited) wakitimize ndani ya miaka mitano.

Karani amekataa tafsiri kwa kuwa imeandikwa "nakala", anataka "halisi".

Leseni ya China hutolewa kwa namna mbili: kubwa ya kutundika ukutani na ndogo ya kutembea nayo. Zote mbili hutolewa na serikali na nguvu zake kisheria ni sawa. Ile ndogo mfasiri akiiita kopi tu, karani atadhani imetoka kwenye mashine ya saiba. Mfasiri aongeze maelezo ya mstari mmoja, yatatosha.

Mteja wetu Mchina anataka kusajili tawi la kampuni yake Kenya. Tafsiri peke yake inatosha?

Haitoshi. Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015 msajili anataka nakala zilizothibitishwa za cheti cha usajili na za katiba ya kampuni, na zisizo za Kiingereza ziambatane na tafsiri. Njia ya zamani ya kuzithibitisha ni mthibitishaji wa serikali kule China, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Kenya Beijing. China iliingia kwenye mkataba wa Hague wa cheti kimoja (apostille), unaoondoa safari ya ubalozini, ukaanza kutumika kwake tarehe 7 Novemba 2023, lakini mkataba huo unafaa pale tu nchi zote mbili zimo. Mwulizeni msajili kabla mteja hajapanga foleni. Kama kampuni ni ya Hong Kong, huenda vyeti vyake tayari vina Kiingereza.

Kiswahili si lugha rasmi? Mbona hawataki tafsiri ya Kiswahili?

Ni rasmi, Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema hivyo. Lakini nenda kabishane na karani wa benki uone utarudi saa ngapi. Mpe Kiingereza chake. Wale wavuvi wa Kizingitini, mwambieni mfasiri awaandikie pia ukurasa mmoja wa Kiswahili: jina, namba, mwakilishi wa kampuni kisheria, na kazi aliyoruhusiwa kufanya. Usomeni kwenye kikao kabla pesa hazijatoka. Ikiwa kazi iliyoandikwa ni kuuza nguo, nyinyi mnanunua mashine ya barafu, atakayeuliza swali la kwanza huenda akawa mzee aliyekaa nyuma kabisa.